Skrubu Hufuata Mfupa: Uchambuzi wa Upasuaji wa Nyonga Iliyovunjika

Katika wodi za mifupa, wagonjwa watatu waliovunjika nyonga kwa ajali za barabarani wanaweza kulazwa vitanda vinavyopakana na kila mmoja akatibiwa kivyake. Wa kwanza amefungwa antena, vyuma vikiwa nje mbele ya tumbo. Wa pili ametoka chumba cha upasuaji akiwa na jeraha dogo ubavuni, na picha ya eksirei inaonyesha skrubu ndefu iliyolala ndani ya mfupa kutoka upande mmoja wa kiuno kuelekea wa pili. Wa tatu ameambiwa hahitaji chuma chochote: apewe dawa za maumivu, afundishwe kutembea na magongo, arudi kliniki.

Ndugu wanaouguza hulinganisha picha na kuanza kuuliza. Kwa nini yule wawekewe skrubu na wetu anyimwe? Kwa nini daktari anadai skani ya CT wakati eksirei imeshaonyesha mfupa umevunjika? Na je, ni kweli kwamba bila mashine ya kisasa ya kuelekeza skrubu mgonjwa anachezewa bahati nasibu? Wapo wanaoshauriwa wauze shamba wampeleke mgonjwa India, kwa hoja moja tu: huko kuna mashine.

Makala hii inachambua swali zima: ni nini kinachoamua skrubu ipite wapi katika nyonga, kila kambi ya wataalamu inasema nini kuhusu njia salama ya kuiweka, na katika mazingira ya hospitali zetu mizani inaelemea wapi.

## Pete ya mifupa mitatu

Nyonga inayozungumzwa hapa ni pete nzima ya mifupa inayobeba kiwiliwili. Tusiichanganye na shingo ya fupa la paja, ambayo wazee wengi huvunja wakiteleza bafuni. Hiyo ina matibabu yake tofauti kabisa. Pete ina mifupa mitatu mikubwa. Nyuma kuna sakramu, mfupa wa pembetatu uliotokana na pingili tano za mgongo zilizoungana, zinazohesabiwa S1 hadi S5 kutoka juu kwenda chini. Kushoto na kulia kuna mifupa ya nyonga yenyewe, na kila mmoja utotoni huwa mitatu: iliamu, ambayo ni bawa pana unaloweza kuligusa kiunoni, iskiamu, mfupa wa kukalia, na pubisi, mfupa wa kinena. Mitatu hii hukutana katika kikombe kinachopokea kichwa cha fupa la paja, na huungana kuwa mfupa mmoja wakati wa ujana.

Mambo mawili kuhusu pete hii yanabeba uchambuzi wote unaofuata. La kwanza ni kwamba mifupa yake haishikani yenyewe. Kinachoishikilia ni kano, na kano za nyuma, kati ya sakramu na iliamu, ni miongoni mwa zilizo imara kuliko zote mwilini. Uzito wa kiwiliwili hushukia huko nyuma: kutoka mgongoni huingia sakramu, hupita kwenye iliamu, kisha huingia kikombe na mguu. Sehemu ya nyuma ikiachia, mgonjwa hawezi kusimama. Ndiyo maana juhudi nyingi za upasuaji huelekezwa nyuma, ingawa mpasuko unaoonekana haraka kwenye eksirei mara nyingi ni ule wa mbele, kwenye kinena.

La pili ni kwamba unene wa mfupa haulingani. Katikati ya bawa la iliamu mfupa ni mwembamba kiasi kwamba ukiushika uliokauka mbele ya taa, mwanga unapenya. Kingo zake na sehemu zilizo juu na nyuma ya kikombe, kwa upande mwingine, ni nene na imara, kwa sababu ndizo zinazopitisha uzito. Mwaka 1964 Robert na Jean Judet pamoja na Émile Letournel, madaktari wa upasuaji wa Ufaransa, walichapisha kazi iliyoeleza kikombe cha nyonga kuwa kimeshikwa na nguzo mbili za mfupa, ya mbele na ya nyuma. Tangu hapo madaktari walianza kuitazama nyonga kama mkusanyiko wa nguzo zinazobeba na nafasi tupu zisizobeba. Skrubu inayotegemewa ni ile iliyolala ndani ya nguzo kwa urefu wake.

## Njia zinazopitika

Kutokana na umbo hilo, nyonga ina njia chache tu ambazo skrubu ndefu inaweza kupita ikiwa imezungukwa na mfupa pande zote. Skrubu zinazotumika kwa kawaida zina unene wa milimita 6.5 hadi 7.5. Huwa na tundu katikati, ili ziteleze juu ya waya mwembamba unaotangulizwa kwa keekee. Waya ukikaa sawa, skrubu huufuata. Ukikosea, skrubu nayo inakosea.

Njia ya sakramu. Hii ndiyo muhimu zaidi na ndiyo yenye hatari zaidi. Waya huingia ubavuni, hutoboa iliamu, huvuka kiungo, hupita kwenye bawa la sakramu na kuishia katika mwili wa S1 au S2. Wakati mwingine huendelea hadi kutokea iliamu ya upande wa pili. Mfupa wa kupita ni mwembamba kuliko mtu anavyodhani. Mbele ya bawa la sakramu umelala mzizi wa neva ya L5 (ya pingili ya tano ya kiuno), unaoinua wayo. Ukijeruhiwa, mgonjwa anatembea akiburuta mguu. Chini ya njia kuna tundu la neva ya S1. Nyuma kuna mfereji wa neva zinazotawala kibofu, haja kubwa na tendo la ndoa. Utafiti uliochapishwa na Templeman na wenzake mwaka 1996 ulionyesha kwamba waya ukipinda kwa nyuzi 4 tu, skrubu inaweza kutoboa ukuta wa mbele au kuingia ndani ya tundu la neva.

Njia ya tawi la kinena. Skrubu hupita ndani ya tawi la juu la mfupa wa kinena hadi juu ya kikombe, ama ikianzia mbele karibu na kiungo cha kinena, ama ikianzia juu ya kikombe na kushuka. Tawi hili limepinda, ilhali skrubu ni fimbo iliyonyooka; ikikosea kidogo itaingia kwenye kiungo cha nyonga au kutoka nje. Nyuma ya tawi kuna kibofu cha mkojo, na kwa watu wengi hupita hapo mshipa unaounganisha mishipa mikubwa ya paja na ile ya ndani ya nyonga, ambao madaktari huuita corona mortis kwa jinsi unavyoweza kuvuja damu ukikatwa bila kutarajiwa.

Njia ya juu ya kikombe. Hii huanzia kwenye kinundu cha mbele cha iliamu, juu kidogo ya kiungo, na kurudi nyuma hadi karibu na kiungo cha sakramu. Ni njia pana na ndefu, mara nyingi zaidi ya milimita 100. Hata pini za antena zikiwekwa hapo hushika vizuri kuliko zikiwekwa kwenye ukingo wa kiuno. Tahadhari yake kubwa ni kutoshuka hadi kwenye pengo la siatiki, ambako neva ya siatiki, iliyo neva kubwa ya mguu, na mishipa ya makalio hupita.

Njia ya nguzo ya nyuma. Skrubu huunganisha mfupa wa kukalia na mfupa ulio juu ya kikombe, ikipita nyuma yake. Nguzo ni imara, lakini neva ya siatiki ni jirani wa karibu, na kiungo kiko upande wa pili wa ukuta.

Mantiki hiyohiyo ndiyo inayowaongoza madaktari wanaobadilisha kiungo cha nyonga kilicholika. Mwaka 1990 Wasielewski na wenzake waligawa kikombe katika robo nne: mstari mmoja hutoka kwenye ncha ya mbele ya iliamu kupitia katikati ya kikombe, na wa pili huukata kwa pembe mraba. Robo mbili za nyuma zina mfupa wa kutosha kushika skrubu. Robo mbili za mbele zimepakana na mishipa mikubwa ya damu na neva ya obturata, hivyo skrubu haziwekwi huko bila sababu nzito. Mgawanyo huo rahisi umedumu kwa sababu unasomwa moja kwa moja kwenye mfupa, bila kuhitaji kifaa.

## Ramani isiyofanana kwa watu wote

Kama nyonga zote zingekuwa na umbo moja, mjadala ungeishia hapo. Ugumu unatokana na tofauti za watu, na tofauti hizo ni za aina tatu.

Ya kwanza ni ya kuzaliwa nayo. Takriban theluthi moja ya watu wazima, na kwa hesabu za baadhi ya tafiti zaidi ya hapo, wana sakramu yenye umbo lisilo la kawaida sehemu ya juu. Mabawa yake yana mteremko mkali, matundu ya neva hayana duara zuri, na mabaki ya diski huonekana kati ya S1 na S2. Mwenye sakramu hiyo ni mzima na huenda asijue maisha yake yote. Lakini skrubu ikisukumwa kwake kwa usawa, kama ilivyozoeleka kwa wengine, itatoka mbele ya bawa, palepale ulipolala mzizi wa L5, kisha irudi ndani ya mfupa, na kwenye picha moja ionekane imekaa salama. Mtu huyu anahitaji njia ya mshazari, kutoka nyuma na chini kwenda mbele na juu, au skrubu ihamishiwe S2, ambako kwa watu wa umbo hili mfupa mara nyingi ni mpana zaidi. Mwaka 2014 Kaiser, Gardner na wenzao walitoa kipimo cha kusaidia uamuzi. Kwenye skani ya CT hupimwa pembe ya mteremko wa njia ya S1 kwa kutazama kutoka mbele, ikajumlishwa na mara mbili ya pembe ya njia hiyo ikitazamwa kwa vipande vya mlalo. Jumla ikizidi 70, skrubu ya kuvuka S1 kutoka upande hadi upande haina njia salama.

Ya pili ni umri. Mifupa ya wazee, hasa wanawake, hupungua uzito, na mabawa ya sakramu ndiyo hupungua mapema. Skrubu inaweza kuwa imepita mahali sahihi kabisa na bado ikalegea, kwa sababu imezungukwa na nafasi tupu. Mivunjiko hii ya udhaifu wa mifupa, ambayo Rommens na Hofmann waliipangia madaraja yake mwaka 2013, hutokea hata kwa kuanguka kwa kawaida nyumbani. Hapo mazungumzo ni kuhusu skrubu au fimbo inayovuka hadi upande wa pili ishike mfupa mgumu wa iliamu zote mbili, au kuongeza saruji ya mifupa kuzunguka ncha ya skrubu.

Ya tatu ni matokeo ya ajali yenyewe, na katika mazingira yetu pengine ndiyo nzito kuliko zote. Njia ya skrubu ipo pale tu vipande viko mahali pake. Reilly na wenzake walipima mwaka 2003 jinsi eneo la mfupa linalopitika katika sakramu iliyovunjika linavyopungua vipande vikihama. Vikihama milimita 5, eneo hupungua kwa asilimia 30. Milimita 10, asilimia 56. Milimita 15, asilimia 81. Na milimita 20, asilimia 90. Maana yake ni kwamba mgonjwa aliyehamishwa kutoka zahanati hadi hospitali ya wilaya, kisha ya mkoa, kisha ya rufaa, na kufika baada ya wiki kadhaa, anaweza kufika akiwa na mfupa ulioanza kuunga ukiwa umehama. Njia aliyokuwa nayo siku ya ajali imekwisha kufungwa.

## Misimamo inayoshindana

Kwa msingi huo tunaweza kuzipima kambi nne ambazo hoja zao husikika hospitalini, kwenye mikutano ya madaktari na katika mazungumzo ya familia.

### Fungua uone

Kambi ya kwanza ni ya zamani na bado ina hoja. Daktari anapasua, anaona mvunjiko kwa macho, anarudisha vipande, anafunga kwa pleti na skrubu fupi. Nguvu yake ni uhakika wa kurudisha mifupa mahali pake. Kwa mfupa uliochelewa, ulioanza kuunga vibaya, mara nyingi hakuna njia nyingine. Haihitaji picha nyingi wakati wa kazi, na kwa kiungo cha kinena kilichoachana, pleti ya mbele bado ni tiba ya kawaida.

Udhaifu wake uko kwenye nyama, si kwenye mfupa. Jeraha kubwa la nyuma ya nyonga hupita katika ngozi na misuli ambayo mara nyingi imepondwa na ajali, na hatari ya usaha na kidonda kufumuka ni ya kweli. Damu hupotea zaidi, na katika hospitali ambako damu ya kuongezewa hupatikana kwa kuhangaikiwa na ndugu, hilo si jambo dogo.

### C-arm na jicho lililozoea

Kambi ya pili ilipata nguvu kuanzia mwisho wa miaka ya 1980. Matta na Saucedo walichapisha kazi yao mwaka 1989, na katika miaka ya 1990 Chip Routt na wenzake mjini Seattle walionyesha kwamba skrubu za sakramu zinaweza kuwekwa kupitia jeraha dogo mgonjwa akiwa amelala chali, kwa kuongozwa na C-arm, ile mashine ya eksirei yenye umbo la herufi C inayozungushwa mezani.

Siri ya njia hii ni picha tatu. Picha ya mlango wa juu wa nyonga, ambayo mionzi hushuka kutoka upande wa kichwa, huonyesha kama waya umeenda mbele mno au nyuma mno. Picha ya mlango wa chini, mionzi ikitoka upande wa miguu, huonyesha kama waya uko juu au chini ya matundu ya neva. Picha ya ubavuni huonyesha mwili wa S1 na mstari wa mfupa mzito wa iliamu ambao, kwa sakramu ya kawaida, hufuata mteremko wa bawa. Waya ukikaa chini na nyuma ya mstari huo, L5 iko salama. Daktari hafuati picha moja. Ni kama nahodha wa jahazi anayeingia mlango wa miamba kwa kulinganisha alama mbili za nchi kavu: alama moja haitoshi kumwambia yuko wapi.

Nguvu ya msimamo huu ni kwamba vifaa vyake vinapatikana, jeraha ni dogo, na mgonjwa huinuka mapema. Udhaifu wake ni kwamba unategemea mtu. Utumbo uliojaa gesi, mwili mnene, au dawa ya kung'arisha picha iliyobaki tumboni baada ya uchunguzi, vyote huficha matundu ya sakramu. Mteremko wa sakramu hutofautiana, hivyo pembe za C-arm zilizofaa jana kwa mgonjwa mwingine hazifai leo. Picha nyingi pia ni mionzi mingi, kwa mgonjwa na kwa wafanyakazi wanaosimama mezani kila siku wakiwa na aproni za risasi. Na mstari ule wa iliamu hudanganya kwa sakramu isiyo ya kawaida: mtu asiyejua hilo atapata picha nzuri na neva iliyojeruhiwa.

### Mashine zielekeze

Kambi ya tatu inasema jicho la binadamu limefika kikomo. Mifumo ya uelekezaji huunganisha skani ya mgonjwa na kamera zinazofuatilia keekee, hivyo daktari huona kwenye skrini waya unavyosogea ndani ya mfupa kwa pande zote kwa wakati mmoja. Zipo C-arm zinazotoa picha za pande tatu mezani, vielekezi vya plastiki vilivyochapishwa kwa umbo la mfupa wa mgonjwa husika, na roboti kama TiRobot ya Beijing inayoshika mkono wa kuelekeza kwenye pembe iliyopangwa.

Ushahidi unaiunga mkono kambi hii kwa kiasi. Mapitio ya tafiti yaliyofanywa na Zwingmann na wenzake mwaka 2013 yaliona skrubu zilizokaa vibaya ni kama asilimia 2 hadi 3 kwa njia ya kawaida, na chini ya asilimia 1 pale uelekezaji wa CT ulipotumika. Tofauti ipo. Lakini takwimu hizo zisomwe kwa pande zote mbili. Kwanza, kiwango cha njia ya kawaida kilipatikana zaidi katika vituo vyenye madaktari waliobobea, hivyo hakimhakikishii mgonjwa aliye mbele ya daktari anayejifunza. Pili, skrubu iliyokaa vizuri kwenye picha si sawa na mgonjwa anayetembea vizuri. Kutembea vizuri hutegemea zaidi jinsi mifupa ilivyorudishwa na kama neva zilishaumia tangu ajali.

Udhaifu mwingine ni wa kiutendaji. Mfumo hufuatilia mfupa kama ulivyokuwa kwenye skani. Vipande vikisogea baada ya hapo, skrini itaendelea kuonyesha ramani ya jana. Bei, matengenezo, umeme usiotulia na fundi wa kukarabati aliye nchi nyingine huweza kuifanya mashine ya mamilioni kuwa samani. Na mashine haina uwezo wa kuzalisha mfupa. Njia ikiwa haipo kwa mgonjwa huyo, itakachofanya ni kuonyesha kwa usahihi mkubwa kwamba haipo.

### Chuma kidogo au bila chuma

Kambi ya nne mara nyingi haisikiki kwa sababu haina kifaa cha kuonyesha, lakini hoja yake ni nzito. Mivunjiko mingi ya nyonga, hasa ile iliyotokana na kugongwa ubavuni bila vipande kuachana, ni thabiti. Hupona kwa dawa za maumivu, mazoezi na kutembea kwa uangalizi. Antena nayo huokoa maisha kwa kufunga pete mapema na kupunguza nafasi ya damu kuvujia, na kabla ya antena hata shuka au khanga iliyofungwa kwa nguvu usawa wa viungo vya mapaja hufanya kazi hiyo njiani.

Udhaifu wake hujitokeza pale msimamo huu unapokuwa kisingizio cha ukosefu wa huduma. Antena ya mbele pekee haiwezi kushikilia nyuma iliyoachia kabisa. Mgonjwa wa namna hiyo akilazwa kwa traksheni, yaani mguu ukivutwa kwa uzito, miezi miwili anaweza kupata vidonda vya mgongo, damu kuganda miguuni, na mguu mmoja mfupi kuliko wa pili maisha yake yote.

## Kupima mizani

Misimamo hii ikiwekwa pamoja, inaonekana kila mmoja unajibu swali tofauti. Kambi ya nne inajibu kama skrubu inahitajika. Ya kwanza inajibu jinsi ya kurudisha mifupa mahali pake. Ya pili na ya tatu zinajibu jinsi ya kuona njia. Mkanganyiko hutokea pale jibu la swali la mwisho linapotangulizwa kabla ya yale ya mwanzo, yaani mashine inazungumzwa kabla mfupa haujasomwa. Uamuzi wenye mpangilio hufuata hatua nne.

Hatua ya kwanza ni uthabiti. Je, nyuma ya pete imeachia? Uchunguzi wa mwili, picha na, ikibidi, kupima chini ya nusukaputi hutoa jibu. Kama pete ni thabiti, skrubu ni hatari bila faida.

Hatua ya pili ni nafasi ya vipande. Takwimu za Reilly zinaonyesha kwamba hakuna ustadi wa kuelekeza unaofidia mfupa uliohama sentimita mbili. Ama urudishwe bila kupasua katika siku za mwanzo, ama upasuliwe. Hapa ndipo muda unapokuwa na thamani kuliko kifaa: mgonjwa anayefikishwa hospitali ya rufaa mapema anaweza kutibiwa kwa tundu dogo na C-arm ya kawaida, akichelewa, hata roboti itahitaji kwanza jeraha kubwa.

Hatua ya tatu ni kuisoma ramani ya mgonjwa mwenyewe. Hapa skani ya CT ya kabla ya upasuaji ina uzito kuliko kifaa chochote cha ndani ya chumba cha upasuaji. Eksirei imeonyesha kwamba mfupa umevunjika, ila haikuonyesha umbo la sakramu, upana wa S1 na S2, wala mahali mpasuko ulipopita. Hilo la mwisho nalo ni muhimu. Denis na wenzake, walipochambua mivunjiko 236 ya sakramu mwaka 1988, waligundua kwamba mpasuko ulio nje ya matundu ya neva uliambatana na majeraha ya neva kwa takriban asilimia 6 tu ya wagonjwa. Ule unaopita kwenye matundu, asilimia 28. Na ule unaoingia mfereji wa katikati, zaidi ya nusu. Daktari anayejua mpasuko umepita kwenye matundu na una vipande vidogo atachagua skrubu yenye meno urefu wote, inayoshikilia bila kubana. Skrubu yenye meno ncha tu hubana vipande pamoja, jambo jema kwa kiungo kilichoachana, lakini huweza kuiponda neva iliyo kati ya vipande.

Hatua ya nne ndiyo kuchagua macho ya kutumia. Kwa sakramu ya kawaida, mifupa iliyorudi mahali pake na daktari aliyezoea, C-arm inatosha. Uelekezaji wa CT au wa pande tatu unalipa gharama yake pale njia ni finyu: sakramu isiyo ya kawaida, mgonjwa mnene asiyeonekana vizuri, mzee anayehitaji skrubu inayovuka hadi upande wa pili, au pale zinapohitajika skrubu kadhaa katika njia moja. Unalipa pia katika kituo kinachopokea wagonjwa wengi wa namna hiyo, ambako timu hubaki na mazoea na mashine haikai bila kazi.

Kwa Afrika Mashariki, ambako bodaboda zimeongeza majeruhi wa barabarani na hospitali chache za rufaa, kama taasisi ya mifupa ya MOI ya Dar es Salaam au Kenyatta ya Nairobi, hubeba mzigo wa mikoa mingi, mpangilio huu una matokeo ya kibajeti. Shilingi inayotumika kumfungia mgonjwa nyonga njiani, kumpa rufaa haraka na kumpiga skani kabla ya upasuaji, inagusa wagonjwa wote. Inayofundisha mpiga picha wa C-arm kutafuta pembe sahihi za kila mgonjwa, badala ya kukariri nyuzi, inagusa karibu wote wanaofika mezani. Inayonunua roboti inagusa wachache, na inawasaidia tu ikiwa hatua tatu za mwanzo zimeshatimia. Hoja hii haipingi mashine; inaipa nafasi yake kwenye foleni. Kituo kimoja au viwili vya kikanda vyenye uelekezaji wa kisasa, vikipokea kesi ngumu kutoka hospitali zenye CT na C-arm nzuri, vingefanya kazi kubwa kuliko mashine nyingi zilizotawanywa.

Kuna gharama ya upande wa pili inayopaswa kutajwa. Kutegemea jicho la daktari ni kutegemea watu wachache ambao huhama, hustaafu na huchoka, na ujuzi wao hujengwa kwa wagonjwa wa mwanzo ambao ndio hubeba hatari. Mashine hufupisha safari hiyo ya kujifunza. Hata hivyo, jibu la gharama nafuu kwa tatizo hilo la kujifunza lipo: mazoezi kwenye modeli za plastiki na mifupa iliyochapishwa kutoka skani halisi, pamoja na desturi ya kupiga skani baada ya upasuaji wa sakramu ili timu ijue skrubu zake zimekaa wapi hasa. Hospitali isiyojipima haiwezi kujua kama kiwango chake cha makosa ni asilimia 2 au 20.

## Kwa muhtasari

Umbo la mfupa ndilo huamua skrubu ipite wapi. Nyonga ina nguzo chache nene zenye kubeba, na kila nguzo ina majirani wake wa hatari: L5 na S1 kwa sakramu, kibofu na mishipa kwa tawi la kinena, neva ya siatiki kwa nguzo ya nyuma. Njia hizo hutofautiana kati ya mtu na mtu, hupungua kwa umri, na hufungwa vipande vikihama.

Kupasua na kuona kunafaa mfupa uliochelewa au usiorudi, kwa gharama ya jeraha na damu. C-arm inafaa wengi, kwa sharti la mafunzo na picha tatu zilizopigwa sawasawa. Uelekezaji wa kompyuta na roboti hupunguza makosa katika njia finyu, kwa bei kubwa na bila kuondoa haja ya kurudisha mifupa kwanza. Kutotia chuma ni sahihi kwa pete thabiti, na ni uzembe kwa pete iliyoachia nyuma.

Familia iliyosimama na picha mkononi ina maswali manne ya kumuuliza daktari kabla ya kuuliza habari za mashine: pete imeachia au ni thabiti? Vipande viko mahali pake? Skani ya CT inaonyesha njia gani kwa mgonjwa wetu? Na aliye mezani ameizoea njia hiyo? Majibu ya maswali hayo yakiwa wazi, wagonjwa watatu wa vitanda vinavyopakana wanaweza kupata matibabu matatu tofauti, na yote yakawa sahihi.